Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Kwa muda wa miaka 34 niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, nilifundisha methali hii karibu kila mwaka: jino la pembe si dawa ya pengo. Niliandika ubaoni maana ya nje na maana ya ndani, kama ilivyo ada ya walimu. Maana ya nje tuliipita upesi, tukaikimbilia maana ya ndani, yaani kwamba kitu cha kubandika hakiwezi kushika kikamilifu mahali pa kitu cha asili. Wanafunzi walinakili, wakajibu mitihani, nami nikawapa alama zao. Haikunipitikia hata siku moja kwamba wahenga waliotuachia methali hiyo yamkini walikuwa wakisema, kwanza kabisa, juu ya meno.

Katika insha hii nataka kuirudia ile maana ya nje niliyoipita kwa haraka. Nitaeleza kwa nini jino la mtu mzima hulegea na ni tiba gani iliyopo. Na kwa nini, kwa maoni yangu, jambo hilo ni la utamaduni na halifai kuachiwa madaktari peke yao. Sina budi kuanza nyumbani, kwa marehemu baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa mashua katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya mji wa Tanga. Mchana alichonga mbao na kutia kalafati. Usiku, palipokuwa na arusi, alikuwa mghani wa tenzi. Hakuwa mtunzi mashuhuri, wala jina lake halimo katika kitabu chochote. Tenzi zake alizipokea kwa baba yake na kwa wazee wengine wa pwani ile, akazihifadhi kichwani, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini kila neno lilitoka kinywani mwake likiwa kamili, na hata aliyekaa mwisho wa ua hakukosa kulisikia.

Mwaka 1973, nilipokuwa na umri wa miaka 14, jino lake moja la mbele lilianza kucheza. Wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 50. Nilimwona akilisukuma kwa ncha ya ulimi huku akipiga randa. Mama alipomshauri aende zahanati, alicheka akasema, "Mama watoto, hii ni hesabu ya umri tu. Baba naye yalimtoka hivi hivi." Siku chache baadaye alilifunga kwa uzi, akaling'oa mwenyewe, akalitupa juu ya paa kama tulivyokuwa tukifanya sisi watoto, nasi sote tukaangua kicheko. Baada ya miaka mitatu meno manne ya juu yalikuwa yamekwenda.

Hapo ndipo tulipoacha kucheka. Kila mwalimu wa lugha anajua kwamba sauti za *th* na *dh* hutamkwa kwa ncha ya ulimi na meno, na kwamba *f* na *v* hutamkwa kwa meno ya juu kukutana na mdomo wa chini. Mtu aliyepoteza meno ya mbele hupoteza na sauti hizo. Thamani hugeuka kuwa samani, dhahabu huwa zahabu, na katika neno fupi kama fedha zote mbili, *f* na *dh*, huharibika. Usiku mmoja wa arusi kijana aliyekaa nyuma alimwigiza baba, na watu wachache wakacheka. Baba alimaliza ubeti ule, akaomba maji, akaketi. Tangu usiku huo hakughani tena hadharani mpaka alipofariki mwaka 1991. Mimi mwanawe, niliyesomea lugha, nilimwendea na daftari nikiwa nimekwisha kuchelewa. Alikuwa amezinyamazia tenzi zile kwa miaka mingi, na beti nyingi zilikuwa zimemponyoka.

Jambo linalonisikitisha hadi leo ni hili. Fundi yule hakukubali kamwe kuambiwa kwamba ubao wa mashua umelegea kwa sababu ya uzee. Alitafuta kutu katika msumari au uozo katika kiungo mpaka akauona. Lakini lilipofika suala la kinywa chake mwenyewe, aliukubali umri bila kuuliza swali lolote.

Basi na tutafute kutu hiyo. Mtu mzima aliyekamilika meno huwa nayo 32. Mzizi wa kila jino umekaa katika tundu la mfupa wa taya, lakini haukushikamana na mfupa moja kwa moja. Baina ya mzizi na mfupa zimo nyuzi nyembamba nyingi ambazo hulishikilia jino na kupunguza kishindo tunapotafuna. Kwa nje, ufizi umeizunguka shingo ya jino na kuzuia uchafu usipenye chini, kama kalafati inavyozuia maji baina ya mbao mbili. Jino hulegea pale ambapo nyuzi zimekatika, au mfupa umeliwa, au vyote viwili.

Mharibifu mkubwa wa nyuzi na mfupa ni ukoga. Kila siku bakteria hujenga utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo usipoondolewa, chumvichumvi za mate huugandisha ukawa mgumu kama chokaa. Ufizi nao huvimba, hugeuka mwekundu, na hutoka damu ukiguswa. Mwaka 1965, katika nchi ya Denmark, mtafiti Harald Löe na wenzake walichapisha habari za watu 12 wenye fizi nzima ambao waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Baina ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wamepata ugonjwa wa fizi. Waliporudi kusafisha meno, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Funzo lake ni wazi: katika hatua ya damu, maradhi haya huponyeka kwa mswaki.

Lakini ukoga ukiachwa kwa miaka, kwa watu wengi uvimbe huteremka chini. Ufizi huachana na jino, na kifuko hufanyika baina yao. Kwa kawaida kina cha nafasi hiyo ni milimita 1 hadi 3. Katika ugonjwa hufika 5, 6, hata zaidi, na ndani yake bakteria hustarehe pasipofikiwa na mswaki. Nyuzi hukatika na mfupa hupungua. Yote haya aghalabu hutokea bila maumivu, na kwa hiyo mgonjwa hutambua siku jino linapocheza, ilhali kazi ya uharibifu ilianza miaka mingi nyuma.

Nilikuja kuyajua hayo kwa gharama yangu mwenyewe. Mwaka 2016, nikiwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, nilikuwa darasani nikisoma kifungu cha habari kwa sauti, nikahisi jino la mbele limesogea. Nilijifanya nakohoa, nikamwita mwanafunzi mmoja aendelee kusoma. Usiku ule sikulala, maana kila nilipofumba macho nilimwona baba akiomba maji.

Wiki mbili baadaye nilikwenda hospitali. Daktari wa meno alikuwa binti mwenye umri wa wanafunzi wangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Daktari. Jino langu limelegea."

Alinitazama kinywani kwa muda mrefu. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakipitisha kando ya kila jino huku akimtajia muuguzi namba: tatu, tano, sita, saba. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, damu ilianza lini?"

"Nimekuja kwa sababu ya jino, Daktari, si kwa sababu ya damu."

"Jino ndilo la mwisho kupata habari, Mwalimu. Damu ilianza lini?"

Nikahesabu. Ilikuwa miaka saba tangu nilipoanza kutema povu jekundu asubuhi, nami nikilaumu ugumu wa mswaki. Tena nilikuwa nimefanya kosa kubwa zaidi: pale palipotoka damu niliacha kupasugua, nikidhani ninapapumzisha. Kumbe nilikuwa ninaufugia ukoga makao.

Swali lake la pili lilinishangaza. Aliuliza ninaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo. Nilipojibu kwamba ni mara tatu au nne, alinituma maabara kabla ya kuligusa jino. Kipimo cha sukari katika damu, mtu akiwa hajala tangu usiku, kikifika milimoli 7 kwa lita au kuzidi, huhesabiwa kuwa dalili ya kisukari. Changu kilifika 12, na kiliporudiwa asubuhi nyingine hakikupungua sana. Daktari alinieleza kwamba kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Jino lililolegea lilikuwa limenipeleka kwenye maradhi ambayo yangeweza kunipofusha. Nikaikumbuka kiu ya baba katika miaka yake ya mwisho, na vidonda vya miguu yake vilivyokataa kupona. Siwezi kusema ni maradhi gani, kwani hakupimwa kamwe.

Tiba yangu ilikwenda kwa hatua, na ni vema msomaji akazijua, kwa kuwa wengi huchelea hospitali wakidhani kwamba daktari wa meno anajua kung'oa tu. Kwanza nilianzishiwa dawa na chakula cha kisukari. Kisha, kwa sindano ya ganzi, daktari alikwangua ukoga mgumu juu ya meno na chini ya fizi mpaka kwenye mizizi, upande mmoja kwa siku moja na upande wa pili siku nyingine. Jino la mbele lililolegea lilifungwa pamoja na majirani zake kwa waya mwembamba, ili lisisukumwe huku fizi zikipona. Gego moja halikuokolewa. Madaktari hupima kulegea kwa daraja tatu: la kwanza, jino husogea kando pasipo kuzidi milimita 1, la pili, huzidi hapo, la tatu, hubonyea na kupanda katika tundu lake. Gego langu lilikuwa katika daraja la tatu, likang'olewa. Yako mafuko mengine ya fizi ambayo huhitaji upasuaji mdogo ili yafikiwe, lakini mimi sikuhitaji. Tangu wakati huo ninasafishwa kila baada ya miezi mitatu. Daktari hakunificha ukweli: mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi wenyewe, tiba huzuia usiendelee kuliwa.

Si kila jino hulegea kwa sababu ya ukoga. Pigo la mpira au la ajali huweza kukata nyuzi kwa dakika moja. Jino la mtu mzima likitoka zima kwa pigo, lishikwe upande wa kutafunia, lisishikwe mzizini. Lirudishwe tunduni mara moja, au litiwe katika maziwa na mgonjwa akimbizwe kwa daktari katika muda usiozidi saa moja. Wako wanaosaga meno usingizini, na wako wajawazito ambao fizi zao huvimba na meno yao hutikisika kidogo, kisha hutulia baada ya kujifungua. Mara chache, uvimbe ndani ya taya ndio unaosukuma jino. Kwa hiyo jino linalolegea peke yake bila sababu ya wazi halifai kungojewa.

Uko pia upungufu wa matunda na mboga, ambao huleta kiseyeye. Maradhi hayo yana historia katika pwani yetu. Mabaharia wa Vasco da Gama walipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wengi walikuwa wagonjwa, fizi zimevimba mpaka kuyafunika meno, hata hawawezi kula. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea machungwa na malimau, na wagonjwa wakapata nafuu. Walipovuka bahari kutoka Uhindi na kufika Malindi mwezi wa Januari 1499, baada ya kuzika wenzao wapatao 30 njiani, walituma mtu pwani kutafuta machungwa. Hivyo dawa ya fizi zao ilikuwa ikiuzwa katika masoko ya Waswahili zaidi ya karne mbili kabla daktari wa Uingereza, James Lind, hajafanya jaribio lake la malimau na machungwa mwaka 1747.

Najua kwamba wasomaji wengine watasema: babu yangu hakupiga mswaki, na alikufa na meno yake yote. Huenda ni kweli. Mwaka 1986 Löe na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 15 wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai huko Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala daktari wa meno. Asilimia 8 waliharibikiwa upesi sana, asilimia 81 kwa kiasi, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe wa ufizi. Watu wale wote walizeeka kwa kasi moja, lakini meno yao hayakuharibika kwa kasi moja. Kama umri peke yake ungekuwa sababu, tofauti hiyo ingetoka wapi? Babu wa msomaji alikuwa katika wale 11. Baba yangu hakuwamo. Na hakuna ajuaye mapema kundi lake ni lipi.

Sasa nirudi kwenye utamaduni. Desturi zetu si za kutupwa zote wala si za kukumbatiwa zote. Neno mswaki lenyewe ni jina la mti kabla ya kuwa jina la kifaa cha plastiki. Kijiti chake kikitafunwa ncha mpaka kikawa na nyuzi, kisha kikatumiwa kwa bidii, husafisha meno vizuri. Kasoro yake iko kwa mtumiaji ambaye husugua meno ya mbele yanayoonekana na kuyasahau magego na upande wa ndani. Kasoro hiyo hiyo wanayo wenye miswaki ya dukani. Kinachotakiwa ni kusafisha mara mbili kwa siku, kila upande wa kila jino, hasa ukingoni mwa ufizi, bila kusahau nafasi za baina ya meno.

Kwa upande mwingine, bibi yangu alitafuna tambuu maisha yake yote, pamoja na popoo, chokaa na tumbaku. Ilikuwa ni heshima ya mgeni na pambo la mazungumzo, na mimi naikumbuka harufu yake kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayabadilishi ukweli. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika chapisho lake la mwaka 2004, liliitaja popoo yenyewe kuwa chanzo cha saratani, hata bila tumbaku. Nayo tumbaku, iwe ya ugoro au ya sigara, huharibu fizi. Sigara ina hila zaidi: hupunguza damu inayotoka katika ufizi mgonjwa, na hivyo humnyima mvutaji ile dalili ya mapema. Tunaweza kuendelea kumheshimu mgeni bila popoo.

Na lile jino la pembe? Methali ilisema kweli, hata kwa maana ya nje. Katika karne ya 18 mafundi wa Ulaya na Marekani walichonga meno ya bandia kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko. George Washington alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake, na alivaa meno ya bandia yaliyochongwa kwa jino la kiboko. Yalimuumiza, yakambadilisha umbo la mdomo, na yakampa taabu katika kusema. Meno ya bandia ya leo ni bora mno, na asiyekuwa na meno asione haya kuyavaa. Laiti baba angeyapata, pengine angeghani tena. Lakini hata yaliyo bora hayana zile nyuzi za asili zilizolishika jino na kulipa hisia.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawapata kiasi cha asilimia 19 ya watu waliozidi umri wa miaka 15, yaani zaidi ya watu bilioni moja. Katika idadi hiyo wamo wazee wetu wanaojua ngano, vitendawili, majina ya miti na nasaba za koo. Tunawapelekea wanafunzi wenye vinasa sauti ili kuuokoa urithi wa taifa, nasi hatuwaulizi wazee hao kama wanaweza kutafuna chakula cha jioni.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi. Mtakapomwendea mzee kukusanya fasihi simulizi, msimcheke akikosea neno. Muulizeni kwa adabu kama fizi zake hutoka damu, na kama amewahi kupimwa sukari. Kisha mrudi nyumbani mkawaulize wazazi wenu, ambao bado wanadhani ni mapema mno kuulizwa.

Katika daftari nililoandika kwa baba zimo beti 11. Nimezighani mbele ya wajukuu wangu, kwa jino lile lile lililofungwa waya mwaka 2016, na *th* na *dh* zote zimetoka mahali pake. Mjukuu wangu wa mwisho alipong'oka jino mwaka huo huo nilioghani, alikimbia uani akalitupa juu ya paa. Yeye alikuwa na haki ya kucheka, kwa maana alijua kwamba jingine linakuja. Jino la mtu mzima halina la kulifuata.